Tumeungama kwa Padre, Je, Tumemwendea Ndugu?



Likizo iliyopita tulikuwa mafrateri wawili wa parokia moja hapa Bagara, mjini Babati. Kabla wiki ya kwanza haijaisha tulikuwa tumekosana. Chanzo kilikuwa kidogo: nani aongoze semina ya vijana. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba anapenda ukubwa, na mwenzake akajibu vibaya zaidi. Tangu siku hiyo tulitumikia altareni pamoja bila kusalimiana.

Jumamosi moja tulialikwa jumuiyani kufundisha juu ya upatanisho. Familia mbili za jumuiya ile zilikuwa haziongei tangu ng'ombe wa upande mmoja walipoingia kwenye mahindi ya upande wa pili. Tulifundisha kwa bidii. Tulipomaliza, mama mmoja mzee aliuliza kwa upole: “Mafrateri, asanteni kwa mafundisho. Ila ninyi wawili mbona hamsalimiani?”

Hatukuwa na jibu. Jioni ile tulitembea pamoja hadi karibu na ziwa, na tukazungumza. Kilichotuumiza ni kugundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameshauungama ugomvi ule. Tulipata maondoleo, tukasali malipizi, tukakomunika. Mungu alijua na padre alijua. Ndugu aliyekosewa ndiye pekee ambaye hakuambiwa neno.

Tunadhani huu ni ugonjwa wa wengi wetu, waseminari na waamini. Tunaikimbilia Sakramenti ya Kitubio ili tusilazimike kubisha hodi kwa jirani. Kumbe katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Bwana anamtaka mtu aache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Wala hamwulizi ni nani aliyeanza. Katekisimu nayo, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo huondoa dhambi, lakini hayaponyi madhara yote ambayo dhambi imeleta. Anayetubu anapaswa kutengeneza alichoharibu kadiri awezavyo.

Wapo watakaosema kwamba tunakuza mambo madogo. Tunawajibu kwa mfano wa waseminari wenzetu wa nchi jirani. Tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha walivamia seminari ndogo ya Buta, Jimbo la Bururi, nchini Burundi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa kutengana, na 40 kati yao wakauawa. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua mchakato wa kuwatangaza kuwa wenye heri.

Ujasiri ule haukuzaliwa asubuhi ile. Tangu machafuko ya mwaka 1993, gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, alikuwa akiwaketisha pamoja wazungumzie hofu na hasira zao, huku wakiendelea kusali na kucheza pamoja. Aristotle, tunayemsoma darasani, anafundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kuitenda mara kwa mara. Vijana wa Buta walikuwa wamejizoeza undugu katika mambo ya kila siku, na siku kubwa ilipofika walikuwa tayari.

Hapa Babati hatujafikia huko, na tunamshukuru Mungu. Wairaqw, Wagorowa, Warangi, Wambugwe na Wabarbaig tunasali kanisa moja na kununua mbaazi soko moja. Lakini nani kati yetu hajawahi kusikia, wakati wa kuchagua viongozi wa jumuiya, mtu akinong'ona kwamba fulani si wa kwetu? Tukiyaacha maneno kama hayo yapite kwa sababu ni madogo, tutayapinga lini?

Tuseme pia kwamba kupatana si kufunika kosa. Ng'ombe wamekula mahindi, basi mahindi yalipwe. Kiongozi anayemwambia aliyeumizwa “samehe tu” bila kumgusa aliyeumiza, anamwongezea jeraha la pili. Zakayo alipompokea Bwana aliahidi kurudisha alichodhulumu mara nne.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, katika kuichunguza dhamiri kabla ya kuungama, kila mmoja ajiulize: ni nani natakiwa kumwendea, na nitakwenda lini? Pili, walezi wetu seminarini, pamoja na kutazama alama za mitihani na kuwahi kanisani, watuulize tunavyomaliza ugomvi wetu. Frateri asiyeweza kumwambia mwenzake “nimekosa, nisamehe” akiwa na miaka 25, atakapokuwa paroko atawaambiaje watu wazima wapatane?

Juma lililofuata tulirudi katika jumuiya ile, tukakiri mbele ya wote kwamba tulifundisha tusichokitenda. Tuliona aibu kweli. Familia zile mbili bado hazijapatana, ila zote zilikuwepo, na mazungumzo juu ya kulipa mahindi yameanza.

Wapendwa, yupo mtu ambaye kila mmoja wetu anamkwepa. Tumwendee kabla ya Dominika.