Sindano ya Kukonda na Sahani ya Askari

Tarehe 30 Septemba 2025 majenerali na maamiri wa Marekani waliitwa kutoka pembe zote za dunia wakakusanyika katika kituo cha Quantico, jimbo la Virginia, kumsikiliza Bwana Pete Hegseth, waziri wa majeshi yao. Kabla ya siku hiyo palikuwa na dhana nyingi juu ya sababu ya mwito huo. Waziri alizungumza mengi, lakini neno lililozagaa ulimwenguni ni lile la matumbo. Alisema haikubaliki kuwaona majenerali na maamiri wanene wakipita katika kumbi za Pentagon, akatangaza kwamba kila mwanajeshi, wa cheo chochote, atapimwa uzito na kufanyiwa jaribio la mwili mara mbili kwa mwaka.

Hapa Uganda hatukuhitaji kufundishwa somo hilo na Wamarekani. Mwezi wa Aprili 2020, wananchi walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Rais Museveni alijionyesha pekupeku Ikulu akipiga pushapu 30, ili watu wajue kwamba kufungiwa si ruhusa ya kulala. Hata hivyo hotuba ya Quantico ilijadiliwa sana katika mesi zetu na katika kota za polisi. Nasi ambao kazi yetu ni kujibu maswali tuliulizwa swali moja mara nyingi kuliko mengine yote: "Afande, ile sindano ya kukonda inapatikana wapi?"

Hatukuulizwa hata mara moja mtu aliyekwisha kudungwa atakula nini. Kwa maoni yetu, hilo ndilo swali linalompasa askari kuuliza kwanza.

Asili ya dawa hizi ina uhusiano na wanajeshi, ingawa wengi hawaujui. Katika hospitali ya maveterani wa vita huko Bronx, New York, daktari John Eng alikuwa akichunguza sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani aitwaye Gila, mnyama awezaye kukaa miezi bila kula. Mwaka 1992 alitangaza kwamba katika sumu hiyo amekuta kitu kinachofanana na homoni ya utumbo wa binadamu. Kutokana na ugunduzi huo dawa ya kwanza ya jamii hii, iliyokusudiwa wagonjwa wa kisukari, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005.

Homoni yenyewe, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi GLP-1, hutolewa na utumbo mtu anapokula. Huliamsha kongosho litoe insulini, hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, na huupelekea ubongo habari kwamba mwili umeshiba. Ile ya asili hudumu dakika chache tu. Zile za viwandani hudumu wiki nzima kwa sindano moja: semaglutidi ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, iitwayo Ozempic kwa kisukari na Wegovy kwa unene, na tirzepatidi ya Eli Lilly ya Marekani, inayoiga homoni mbili kwa pamoja na kuuzwa kwa majina ya Mounjaro na Zepbound. Nguvu yake si hadithi. Katika jaribio la watu 1,961 lililochapishwa mwaka 2021, waliotumia semaglutidi kwa wiki 68 walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao. Mtu wa kilo 100 alifika 85. Waliopewa kipimo kikubwa cha tirzepatidi katika jaribio jingine walipungua kwa karibu asilimia 21.

Kwa hiyo hatumcheki anayeitamani. Unene wa kupindukia ni maradhi, na kwa mgonjwa aliyechunguzwa na daktari dawa hii ni neema. Tunachokishughulikia hapa ni yule anayeitafuta ili apite jaribio la mwezi ujao.

Tunamfahamu afisa mmoja, mwenzetu, ambaye baada ya miaka minne ya kazi ya mezani alifikia kilo 98. Alinunua kalamu tatu za sindano kwa muuzaji wa mtaani, akajidunga mwenyewe bila kumwambia daktari wala mkewe. Njaa ikatoweka. Asubuhi alikunywa chai kavu. Mchana soda moja. Jioni alichokonoa matoke vijiko vitatu akasukuma sahani. Mkewe alidhani ana mwanamke mwingine anayempikia, na palikuwa na maneno makali katika nyumba ile. Kwa wiki kumi akapoteza kilo 11, wenzake wakampongeza, suruali zake zikapelekwa kwa fundi. Siku ya jaribio la mbio alianguka kabla ya maili ya pili. Hakuwa na ugonjwa wowote. Miguu ilikuwa imekwisha nguvu.

Sababu haikuwa na siri yoyote. Mwili unaponyimwa chakula haukati mafuta peke yake. Hukata na nyama ya misuli. Katika majaribio ya dawa hizi, washiriki waliopimwa kwa mashine walionekana kwamba kati ya robo na asilimia 40 hivi ya uzito uliopotea haukuwa mafuta. Raia wa ofisini huenda asiitambue hasara hiyo kwa miezi mingi. Askari huitambua siku atakapotakiwa kubeba mzigo mgongoni, kumvuta majeruhi, au kumfukuza mwizi mbio. Dawa huondoa njaa, lakini haimchagulii mtu chakula, wala haijui kwamba huyu anaishi kwa nguvu za miguu yake.

Mwaka 2025 vyama vinne vya madaktari na wataalamu wa lishe vya Marekani vilitoa mwongozo wa pamoja juu ya ulaji wa watu wanaotumia dawa hizi. Vilishauri kwamba anayepungua uzito apate gramu 80 hadi 120 za protini kwa siku, na afanye mazoezi ya kushindana na uzito ili misuli ipate sababu ya kubaki. Wamarekani wengi huitafuta protini hiyo katika unga wa makopo wa bei ghali. Sisi tunayo sokoni na katika ghala la mesi.

Tuifanye hesabu kwa chakula chetu. Mayai mawili ya kuchemsha yana gramu 12 hivi. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa, gramu 15. Kipande cha nyama ya ng'ombe kisicho na mafuta, cha gramu 100 baada ya kupikwa, gramu 26. Bilauri ya maziwa, gramu 8. Konzi ya dagaa wakavu, ambao sokoni kwetu huitwa mukene, gramu 18. Jumla inakaribia 80, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho mlima wa chakula. Dagaa hasa hudharauliwa na maafisa, nasi hatujui kwa nini, kwa maana zaidi ya nusu ya uzito wao mkavu ni protini, nao huliwa pamoja na mifupa yao yenye chokaa.

Linganisheni na matoke. Gramu 100 za ndizi zilizopikwa hutoa gramu 1 hivi tu ya protini. Posho nayo ni wanga na maji kwa sehemu kubwa. Hatuitukani posho. Katika shule ya makadeti ilitulea, na tuliigombania hata ukoko wake. Lakini kadeti alikuwa akikimbia alfajiri na kuchimba handaki mchana. Tumbo lake lilipokea kila kitu. Tumbo la mtu aliyedungwa lina nafasi ndogo, na likijazwa posho kwanza, maharagwe yatabaki sahanini. Basi utaratibu wa kula hauna budi kugeuzwa: maharagwe, samaki au nyama vitangulie, zifuate mboga, kama dodo, nakati au sukuma wiki, posho au matoke vije mwisho kwa kadiri ya nafasi iliyobaki. Afadhali kula kidogo mara nne kuliko kungoja sahani moja ya jioni ambayo mwili hautaipokea. Na kwa kuwa dawa hizi hufunga choo, mboga, papai na maji ya kutosha si mapambo.

Yako yanayomletea mtumiaji taabu. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu hata bila dawa. Tumbo likiwa limecheleweshwa, muchomo wa nguruwe, chipsi, au ile rolex ya barabarani inayodondosha mafuta katika gazeti, huweza kumletea kichefuchefu na kutapika usiku kucha. Waragi juu ya tumbo tupu ni balaa jingine. Atapikaye na kuharisha hupoteza maji, na akiingia katika matembezi ya juani bila kuyarudisha, figo zake zinaweza kudhurika. Mwenye kisukari anayetumia pia insulini au vidonge vya kushusha sukari huenda sukari ikaporomoka. Mtu kama huyo asishike usukani wala bunduki ya lindo kabla hajala na kuongea na daktari wake. Na anayekwenda kupasuliwa amwambie mtoa nusukaputi kwamba anatumia sindano hiyo, kwa maana chakula huweza kubaki tumboni hata baada ya saa za kufunga.

Huko dawa hizi zilikotangulia, wenye maduka na viwanda wamekwisha kuona dalili. Oktoba 2023 mkuu wa Walmart nchini Marekani alikiri kwamba wateja wanaotumia dawa hizi wananunua chakula pungufu kidogo. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cornell baadaye walikuta kwamba familia yenye mtumiaji hupunguza matumizi ya chakula cha dukani kwa asilimia 5 hadi 6 ndani ya miezi sita, na kilichoachwa zaidi ni vibanzi vya pakiti, biskuti na keki. Nestlé, kampuni iliyotajirika pia kwa vitamutamu, haikulia. Mwaka 2024 ilileta sokoni vyakula vilivyogandishwa vya sahani ndogo yenye protini nyingi, vilivyokusudiwa watumiaji wa sindano. Ndivyo bepari alivyo. Kwanza alimuuzia mtu kitu cha kumnenepesha, kisha mwenzake akamuuzia cha kumkondesha, sasa anarudi kumuuzia cha kula wakati anakonda. Askari wetu anaweza kuiruka ngazi hiyo ya tatu kwa trei ya mayai.

Ngazi ya pili ndiyo inayotuhusu kwa namna nyingine, hasa ndugu zetu wa polisi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha juu ya semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Huko Austria, mwaka 2023, watu walilazwa hospitali kwa kuporomoka kwa sukari baada ya kujidunga kalamu bandia zilizoshukiwa kuwa na insulini. Mahitaji yanaongezeka: Wegovy iliingia Afrika Kusini mwaka 2025, na mwaka 2026 ndio uliowekwa kuwa ukomo wa hataza ya semaglutidi nchini India na China, nchi ambazo dawa zetu nyingi hutoka. Bei ikishuka, mizigo ya halali itakuja, na ya haramu itajificha nyuma yake. Kalamu ambayo haijaanza kutumika hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Askari wa Malaba au Busia akiikuta katika mfuko wa plastiki chini ya kiti cha basi la usiku, hana haja ya kuwa mfamasia ndipo aitilie shaka.

Limebaki jambo ambalo muuzaji wa mtaani hakumwambia mwenzetu. Washiriki wa lile jaribio la semaglutidi walioiacha dawa walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Walirudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2025, liliikubali dawa kwa watu wazima wenye unene wa kupindukia kwa masharti, likiiambatanisha na ulaji bora na mazoezi. Atakayeiacha bila kuwa amejifunza kula atarudi alikotoka, na huenda akarudi na mafuta huku misuli imebaki nyuma.

Mwenzetu hatumii tena sindano. Daktari wa kikosi alimkemea, kisha akamwandikia chakula: mayai asubuhi, maharagwe kabla ya posho, mukene mara tatu kwa wiki. Mkewe ndiye msimamizi, na maneno yamekwisha nyumbani. Jumatano na Jumamosi anakimbia nasi, akiwa bado wa nyuma. Kati ya zile kilo 11, nne zimerudi. Jaribio lake la pili ni la miezi miwili ijayo, na safari hii amekataa kutuambia anatarajia muda gani.