Amana Iliyomo Ndani ya Mashine ya Gemu



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mjane mmoja wa hapa Mwandoya alitujia ofisini msikitini pamoja na mwanawe, wamebeba PlayStation 3 iliyofungwa kwa kanga. Marehemu mumewe aliinunua Mwanza baada ya kuuza pamba, akawa akiingiza humo picha za simu yake ili familia izitazame kwenye televisheni. Simu ilikwishapotea. Sasa gemu zinakwama, na fundi ameshauri diski ifutwe yote. Mama akatuuliza: "Ustadhi, nikikubali ifutwe, watoto watamwona wapi baba yao?"

Kijana alikuwa amejaribu kuiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB wenye vichwa vinavyofanana, asipate kitu. Tulimweleza kwamba tundu la kompyuta na lile la mashine yote mawili ni ya mwenyeji: kila moja hutoa amri na kungoja mgeni. Wenyeji wawili wakingojana, hapana anayebisha hodi. Tena waya wa namna hiyo unaweza kuharibu vifaa, kwani kila upande husukuma umeme wa volti 5.

Njia salama ya kuviunganisha moja kwa moja ni waya wa mtandao, unaochomekwa nyuma ya mashine. Hauhitaji bando. Kompyuta hupewa anwani 192.168.1.1 na mashine 192.168.1.2, mstari unaofuata, zote mbili huandikiwa 255.255.255.0. Kisha kompyuta huruhusiwa kushirikisha picha na video zake, na mashine huamriwa kuitafuta. Jaribio la intaneti litashindwa, nalo lisiwatie hofu, kwa kuwa intaneti haimo katika kazi hii.

Hata hivyo, waya huo una mpaka wake: kompyuta hutoa, mashine hupokea. Picha zilizokwisha kuhifadhiwa ndani ya mashine hazirudi kwa njia hiyo. Hizo hutolewa kwa flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Kwa kuwa kufomati hufuta kila kitu, flashi isiwe na jambo unalolihitaji. Ukiichomeka, simama juu ya picha, bonyeza pembetatu kwenye pedi, chagua kunakili, kisha chagua flashi.

Kijana aliifanya kazi hiyo kwa mkono wake, sisi tukimwelekeza. Picha ya kwanza kufunguka kwenye kompyuta ilikuwa ya siku ya Idi: baba amevaa kanzu, mdogo wao yuko mabegani. Mama alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaomba tuhakikishe na nyingine zote zinafunguka. Alikuwa na haki. Faili isiyofunguliwa ikaonekana haijaokolewa bado. Tulizifungua moja baada ya moja hadi ilipoadhiniwa Magharibi, tukaziacha mahali pawili: katika flashi na katika kompyuta ya shemeji yake. Ndipo mashine iliporudishwa kwa fundi.

Ndugu zetu, mashine hii ilianza kuuzwa mwaka 2006, na nyingi zilizomo majumbani sasa zinachoka au zinauzwa kwa mkono wa pili. Kabla ya kuiuza au kuipeleka kwa fundi, wazazi wakae na watoto wao watazame kilichomo. Watoe kilicho chao, wathibitishe kimefika, kisha wafute kilichobaki. Anayeiuza bila kuifuta huenda akawa amempa mgeni picha za mkewe na binti zake walizopiga wakiwa ndani bila stara. Hiyo nayo ni amana, na mlinzi wake ni mwenye nyumba.

Allah amrehemu marehemu, awakuze wanawe katika kheri. Wabillahi tawfiiq.