Kabla hujaweka ua barazani, uliza kama lina sumu

Mwaka jana nilipokwenda kusalimia nyumbani Omurushaka, Karagwe, nilimbebea mama zawadi ya ua kwenye chungu. Nililinunua Mwanza kwa muuza miche wa kando ya barabara. Shina lake limevimba chini kama kibuyu, na maua yake ni ya rangi ya waridi, ya kupendeza kweli. Muuzaji aliliita waridi la jangwani. "Halitaki maji mengi, dada," aliniambia. Hakusema lingine, na mimi sikuuliza.

Kwetu mvua haikosi, basi mama akaliweka barazani chini ya bati ili lisioze. Siku ya tatu tukamkuta mtoto wa dada yangu, mwenye mwaka mmoja na nusu, amekaa kando ya chungu anatafuna. Mkononi alikuwa na nusu ya jani.

Mama alikimbilia maziwa. Dada alitaka kumtia kidole kooni ili atapike. Mimi nilikuwa nimesimama tu, nahangaika na simu kutafuta ule mmea unaitwaje.

Tulipanda bodaboda hadi hospitali. Daktari akauliza, "Amekula nini? Mmekuja nacho?" Hatukuwa nacho. Ikabidi tupige simu nyumbani, jirani akapiga picha ya ua na kututumia kwa WhatsApp. Mtoto alitapika mara mbili, akalazwa usiku ule, wauguzi wakipima mapigo ya moyo wake mara kwa mara. Asubuhi akaanza kudai uji, nasi tukamshukuru Mungu.

Tuliporudi, mama aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, si wewe unayeandika habari za afya gazetini?"

Sikuwa na jibu. Leo nawaandikia wazazi kile nilichopaswa kukijua siku ile.

Mmea huu kitaalamu unaitwa Adenium obesum. Kwao ni nchi kavu, kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Mashariki na Uarabuni. Jina Adenium limetokana na Aden, mji wa Yemen. Hapa Tanzania, Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wameujua tangu zamani: huchemsha utomvu wake hadi uwe mzito, kisha huupaka kwenye mishale ya kuwindia.

Sumu hiyo hushambulia moyo. Iko kwenye majani, maua, shina na mizizi. Ni ya kundi moja na digoksini, dawa ambayo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wa moyo kwa kipimo cha uangalifu mkubwa. Ikizidi, mapigo ya moyo hupungua au huvurugika. Dalili nyingine ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha, maumivu ya tumbo, kizunguzungu na kulegea. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo mtoto kuonekana anacheza si uthibitisho kwamba yuko salama.

Mama yangu anajua vichaka vyote vya shambani kwake, cha dawa na cha kuepukwa. Alifundishwa na bibi. Waridi la jangwani haliko katika mafunzo hayo, maana haliko kwenye migomba ya Karagwe wala Kyerwa. Huja kwenye chungu kama pambo. Na kwa kuwa linaogopa mvua, tunaliweka barazani, pale pale watoto wanapotambaa.

Mzazi, fanya haya:

Ukinunua ua, uliza jina lake na kama lina sumu. Muuzaji asipojua, piga picha umwonyeshe bwana shamba.

Weka chungu mahali ambapo mtoto hafiki, na mbuzi pia. Ukikata matawi, vaa glavu, usiguse macho, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Usitumie utomvu wala mizizi yake kama dawa ya kienyeji nyumbani.

Mtoto akila, toa mabaki mdomoni na ufute midomo kwa kitambaa safi chenye maji. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala mkaa. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama hana dalili. Beba tawi la mmea ndani ya mfuko, au upige picha. Kumbuka saa aliyokula.

Mama hakulitupa lile ua. Alimwita fundi akamtengenezea rafu juu ukutani, na kila mgeni anayelisifia huambiwa kwanza kwamba lina sumu. Mimi nami siku hizi sipiti chungu cha maua barazani, iwe Kayanga au Nkwenda, bila kuangalia kimepandwa nini.

Tukutane wiki ijayo.