Namba isiyojulikana: hatuwezi kuacha kupokea, basi wanaotusumbua wazuiwe

Simu inalia saa kumi na moja ya asubuhi. Namba haina jina. Unaamka mbio, unajiuliza ni nani amekufa ao ni nani amekimbia. Unapokea: ni muziki, kisha sauti iliyorekodiwa inakuambia ubonyeze moja ili upate nafasi ya kushinda pikipiki. Unakata. Usingizi umekwisha, na moyo bado unapiga.

Mambo haya yanajulikana na kila mkaaji wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni, Butembo, Bunia na Kindu. Mchana ni meseji za mchezo wa kubahatisha. Jioni ni mtu anayesema ni mtumishi wa kampuni ya simu na anaomba kode yako. Wengi wetu tunacheka na kufuta. Lakini huu si mchezo tena. Hapa kwetu mashariki, yule anayefikia simu yako anafikia pia jamaa yako na mfuko wako.

Inchi zingine wanatoa shauri jepesi: usipokee namba usiyoijua. Shauri hilo halifai kwetu. Mtu aliyekimbia vita mara nyingi hana simu tena. Imebaki nyumbani, imenyang'anywa njiani, ao imezimika kwa kukosa umeme. Akitaka kukuambia kama yuko hai, anaomba simu ya jirani, ya mwenye boda ao ya mama aliyemkuta kwenye kanisa anamolala. Kwako itaonekana namba usiyoijua.

Wakaaji wa Goma wanakumbuka tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka. Usiku ule watu walikimbia, wamoja kuelekea Sake, wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi, na watoto wengi wakatengana na wazazi wao. Katika siku zilizofuata, nani angethubutu kukataa simu eti kwa sababu haijui namba? Tangu wakati huo, vita vimetuongezea safari zingine za namna hiyo, tena na tena.

Kisha kuna pesa. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, mabanki yalifunga milango. Mshahara wa mwalimu, pesa ya mwanafunzi, akiba ya mama muuza samaki, msaada wa ndugu aliye Kinshasa ao Ulaya: vyote vikaanza kupita zaidi katika M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Simu imekuwa banki. Na banki hiyo tunaibeba mfukoni, mlango wake ni namba ambayo mtu yeyote anaweza kuita saa yoyote.

Ndiyo maana tunapaswa kutofautisha wanaotusumbua, maana hawako sawa.

Wa kwanza ni wale wa matangazo: simu zilizorekodiwa na meseji zinazotoka kwenye namba fupi. Hawa hawaibi, lakini wanachosha. Mbaya zaidi, wanajaza simu hadi ujumbe wa maana unapotea kati ya bahati nasibu na muziki.

Wa pili ni huduma za kulipia ambazo hukumbuki kuziomba: habari za mpira, nyimbo za kuitia, maneno ya mapenzi ya kila siku. Umebonyeza kidole kimoja kwa makosa, ao mtoto alichezea simu, na tangu siku ile unite zinapungua kidogo kidogo. Kwa mtu anayenunua unite za mafranga 500 kwa siku, hiyo si pesa ndogo.

Wa tatu ni wale wa kubipu kutoka mbali. Simu inalia mara moja na kukatika. Ukirudisha, unalipa bei ya simu ya inchi ya mbali, na sehemu ya pesa hiyo inamfikia aliyetega mtego. Sisi wa mpakani tunanaswa kwa urahisi, kwani tumezoea namba za nje: +250 ya Rwanda, +257 ya Burundi, +256 ya Uganda, +255 ya Tanzania. Tukiona namba ya nje hatushangai, hata kama mwanzo wake ni wa inchi ambamo hatuna hata mtu mmoja.

Wa nne ni wezi kabisa. Mmoja anakutumia meseji inayofanana na ile ya kupokea pesa, kisha anaita akilia: «Papa, nimetuma kwa makosa, unirudishie, mtoto yuko hospitali.» Mwingine anasema akaunti yako itafungwa leo kama hukumpatia kode ya siri. Mwingine anakuahidi kazi katika shirika la misaada, lakini utume kwanza pesa ya faili. Mwingine tena anaomba kode ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako. Ukimpa, anachukua WhatsApp yako na kuanza kuomba pesa kwa jina lako kwa shangazi na marafiki.

Tufanye nini, sisi tusioweza kuacha kupokea? Tupokee, lakini tuwe na kanuni chache tusizozivunja. Kupokea pesa hakuombi kode ya siri hata siku moja. Anayekuomba kode ili upokee, anataka kutoa. Mtu akisema ametuma kwa makosa, usitazame meseji, tazama kwanza salio lako. Hata ukikuta pesa imeingia kweli, usirudishe wewe mwenyewe: mwambie aende kwa kampuni yake, wao ndio wenye kazi ya kurekebisha. Akijiita ndugu na sauti humtambui, muulize jambo ambalo jamaa tu ndiyo inalijua. Namba ya nje isiyotoka kwa majirani, ngoja iite tena. Mwenye shida ya kweli hatabipu mara moja na kunyamaza. Na kazi inayolipishwa kabla ya kuanza si kazi.

Tuwafundishe hasa wazee wetu. Mama wa kijijini aliyepewa simu na mtoto wake mara nyingi hasomi Kifaransa, na meseji nyingi zinakuja kwa Kifaransa. Anapeleka simu kwa kijana wa kabini, anamwambia na kode yake. Hapo mlango uko wazi hata kabla mwizi hajabisha. Dakika kumi za mjukuu mwenye subira zinaweza kuokoa akiba ya mwaka.

Lakini tusidanganyane. Kumwambia mkaaji «ujichunge» bila kumgusa mwenye kampuni ni kumwachia mgonjwa kazi ya daktari. Namba fupi zinazotuita usiku hazitoki mwituni: kampuni za simu ndizo zinazozifungulia njia. Na kila SIM inapaswa kuandikishwa kwa jina la mwenyewe. Namba moja ikiita watu mamia kwa siku na kulalamikiwa kila pahali, anayeiona wa kwanza si polisi, ni kampuni. Na SIM zilizokwisha kuandikishwa kwa jina la mtu mwingine, zinazouzwa kando ya barabara kama karanga, zinapitia kwa wauzaji ambao kampuni zinawajua.

Sheria nazo zipo. Inchi yetu ina sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020, na kitabu cha sheria za dijitali cha tarehe 13 Machi 2023, kinacholinda habari binafsi za watu. Namba yako ya simu ni habari binafsi. Kuna pia ARPTC, mamlaka inayosimamia kampuni hizi. Kuna watakaosema: huku kwetu vita vimegawa uongozi, sheria ya Kinshasa itafika namna gani? Jibu ni kwamba kampuni zinazotuita Goma ndizo zile zile zinazofanya kazi Kinshasa na Lubumbashi, na ruhusa yao ya kufanya kazi inatoka Kinshasa. Risasi zimekata barabara. Hazikukata mkataba huo.

Tunayoomba si makubwa. Tangazo lisije bila mtu kukubali kwanza, na lisije kamwe usiku. Neno moja la kukataa, la bure, linalofanya kazi kwa kampuni zote, kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kama kwa Kifaransa. Huduma ya kulipia isianze kwa kubonyeza kidole kimoja, bali kwa kukubali mara mbili. Unite zikikatwa, mteja aonyeshwe zimekatwa kwa ajili ya nini. Na kuwe na namba moja ya bure ya kushitaki wezi, ambayo mtu anaijibu kweli.

Kampuni zitasema matangazo ndiyo yanasaidia kushusha bei ya mega. Tunasikia. Hata mwenye duka ana haki ya kutangaza mali yake, na wengi wetu tumefaidika na promosio tuliyoijulia kwenye meseji. Lakini mwenye duka hagongi mlango wako saa kumi na moja ya asubuhi, tena kila siku, tena baada ya wewe kusema hapana.

Na tusiseme kulalamika hakuleti kitu. Tukumbuke RAM. Kuanzia 2020 unite zetu zilikatwa kwa jina la kuandikisha simu, hadi dola 7 kwa mwaka kwa mwenye simu ya 3G ao 4G. Watu walisema, vijana wakaandamana, wabunge wakauliza maswali, na 2022 makato hayo yakafutwa. Hayakufutwa kwa huruma. Yalifutwa kwa sababu kelele ilitoka Goma hadi Kinshasa bila kukatika.

Safari hii pia tuandike namba zinazotusumbua, siku na saa, tuzipeleke kwenye biro za kampuni, kwa mashirika ya raia, kwa wabunge waliochaguliwa na sisi. Mtu mmoja akilalamika anaambiwa azime simu. Mtaa mzima ukilalamika, kuna atakayejibu.

Maana simu hatutaizima. Usiku wa leo, mahali fulani kati ya Masisi na Goma, kuna mama ameomba simu ya mtu asiyemjua ili aite mtoto wake. Mtoto ataona namba isiyo na jina. Kama wauza bahati nasibu wamemchosha hadi asipokee, nani atalipa hiyo?