Kuku Anakula Dagaa, Mchezaji Anakunywa Enaji

Fainali ya kombe la vijana hapa Lamadi ilikuwa na mgeni rasmi, kama ilivyo desturi yetu. Alikaa chini ya turubai, akapigiwa ngoma, na ulipofika wakati wa zawadi akashika kipaza sauti. Alisema vijana wetu wana vipaji, ila mtu anayekula ugali na dagaa asubuhi na jioni hawezi kucheza kama wa Ulaya. "Mpira unataka lishe," alimaliza, na watu wakapiga makofi. Kisha akazigawia timu zote mbili kreti za enaji, vijana wakazigombania kana kwamba ndiyo medali yenyewe.

Makofi yale yameniudhi kuliko hotuba. Mgeni huja na kuondoka, lakini waliopiga makofi ni watu wa hapahapa, wengine wamesomeshwa kwa pesa ya dagaa. Wamekubali kuambiwa hadharani kwamba chakula cha nyumbani kwao ni aibu ya mchezaji. Imani hiyo imeenea Kanda ya Ziwa yote, na nje ya kanda pia: kwamba nguvu iko dukani, kwenye chupa, kwenye kopo la poda au kwenye sahani ya chipsi kuku, na kwamba ugali, dagaa, michembe na mlenda ni vya mtu aliyekosa.

Nenda mwaloni asubuhi uone. Dagaa wamevuliwa usiku wa giza kwa taa, wameanikwa, wamegeuzwageuzwa juani mpaka wakakauka, sasa wanashindiliwa kwenye viroba na kupakiwa kwenye malori. Uliza wanakwenda wapi. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria haiendi kwenye sufuria ya mtu yeyote. Inakwenda kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Huko wanasagwa, wanachanganywa na pumba na mashudu, wanalishwa kuku wa kisasa. Kuku anataga. Yai linarudi Lamadi kwenye trei, linachemshwa, linauzwa kwa abiria wa basi la Musoma na la Bariadi, na mama mmoja analimenya na kumwambia mwanawe: kula hili, ndilo chakula cha wanamichezo.

Mfugaji wa kuku anajua kabisa kwamba akipunguza dagaa kwenye chakula, mayai yanapungua. Hahitaji semina. Sisi wenye watoto ndio tunaopiga makofi.

Si dagaa tu. Mahindi tunayapeleka mashineni yakakobolewe mpaka unga uwe mweupe pee, kwa sababu dona tunaiona ni unga wa shuleni na wa jela. Zinki, chuma na vitamini za kundi B zimo zaidi kwenye kiini na kwenye ganda, yaani kwenye pumba. Pumba zinakwenda wapi? Kwa kuku. Alizeti tunakamua, mashudu yanakwenda kwa kuku na ng'ombe. Ukijumlisha hayo yote unapata jibu la kuudhi: kuku wa Simiyu anakula mlo kamili kuliko winga wetu wa kulia.

Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Tena huliwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata kalsiamu ya kujengea mifupa ambayo hataipata kwenye mnofu wa nyama hata ale kilo. Ana chuma, ana zinki, ana vitamini B12. Kwetu mama akitaka kumpika vizuri anamwondoa kichwa, anamwosha kwa maji ya moto mara mbili, anamkaanga kwanza bila maji mpaka harufu ibadilike, halafu ndipo vitunguu, nyanya nyingi, na mwisho karanga zilizosagwa zinazokorogwa taratibu mpaka mchuzi uwe mzito. Pembeni kuna ugali wa dona au wa mtama, na nsansa au mlenda. Mtu aje aniambie katika sahani hiyo kinakosekana kitu gani cha kumwezesha kijana kukimbia dakika 90.

Wapo wanaonijibu kwamba dagaa wana mchanga. Hili ndilo pingamizi ninalolisikia mara nyingi, na linasemwa na watu wazima, kwa uso mkavu kabisa. Dagaa hazaliwi na mchanga. Mchanga tunamtia sisi tunapomwaga chini ufukweni badala ya kumwanika juu ya chanja. Mtu anakataa samaki bora kwa sababu ya uvivu wa kufunga fito na wavu, halafu anakwenda kununua kopo la poda kutoka ng'ambo, lenye maandishi asiyoweza kuyasoma, analikoroga na kunywa bila kuuliza ndani mna nini.

Wengine wanasema hata wachezaji wakubwa wa Ulaya wanakunywa enaji, tumewaona kwenye matangazo. Ndiyo, kwenye matangazo, ambako wanalipwa. Mnaompenda Cristiano Ronaldo mkumbukeni Juni 2021, kwenye mkutano na waandishi wa habari wakati wa Euro: alikuta chupa za soda mezani mbele yake, akazisogeza pembeni, akainua chupa ya maji na kuwaambia watu wanywe maji. Vijana wetu wamenyoa nywele kama yeye na kuiga anavyoshangilia goli. Hili la maji hawakuliona.

Na hiyo enaji ina nini? Kopo la mililita 250 la aina zinazojulikana zaidi duniani lina gramu zipatazo 27 za sukari na miligramu 80 za kafeini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri mtu mzima asizidishe sukari ya kuongezwa zaidi ya asilimia 10 ya nguvu anayopata kwa siku, na ni bora zaidi akiishia asilimia 5, yaani gramu 25 hivi. Kopo moja limekwisha kuvuka hapo. Kafeini nayo haimpi mtu chakula chochote. Inazuia ubongo usisikie uchovu. Uchovu wenyewe uko palepale mwilini. Siku ile ya fainali kiungo mmoja alikunywa chupa nzima kabla ya kuingia. Alikimbia kila upande kipindi cha kwanza. Kufikia dakika ya 60 alikuwa ameinama, mikono magotini, mpira unapita mita mbili kutoka kwake anautazama. Nilimuuliza baadaye alikula nini siku hiyo. Chai ya rangi na andazi, saa 1 asubuhi. Mechi ilianza saa 10 jioni. Hapakuwa na chakula tumboni, na chupa haikukiweka.

Tuwatazame waliofanikiwa, maana mgeni rasmi alipenda mifano ya mbali na mimi ninayo ya karibu. Mwaka 2004 watafiti wa Kenya na wenzao, wakiongozwa na Vincent Onywera na akiwemo Mike Boit, yule aliyechukua shaba ya mita 800 Munich 1972, walichapisha matokeo ya kupima chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu kambini, siku 7 mfululizo. Wanga ulikuwa zaidi ya asilimia 76 ya nguvu yote waliyoipata. Protini asilimia 10 tu. Asilimia 86 ya nguvu ilitoka kwenye mimea, na ugali peke yake ulichangia karibu robo. Kingine kilikuwa wali, maziwa, na sukari kwenye chai, sukari ambayo wao wanaimaliza barabarani siku hiyohiyo. Watu hawa ndio wanaobeba medali za dunia mara kwa mara, na mlo wao unafanana na wa nyumba yoyote ya Nyashimo au Nyakabindi. Sisi tuna nyongeza ambayo wao wa milimani hawana: tuna ziwa.

Na wa kwetu je? Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki tangu tuanze kushiriki, zote za fedha, zote za Moscow 1980. Ya kwanza ni ya Filbert Bayi wa Karatu, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Huyu ndiye aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Ya pili ni ya Suleiman Nyambui, mita 5,000. Nyambui anatoka Majita. Panda gari hapa Lamadi, pita Bunda, endelea kuelekea Musoma. Majita iko huko, kwenye ufukwe wa ziwa hilihili. Sikuwahi kukaa naye mezani, lakini Majita naijua, na huko mtoto hakui bila samaki wa ziwa, ugali wa muhogo na mtama. Mtu huyo alikwenda kushinda marathoni ya Berlin 1987, akarudi akaishinda tena 1988. Miaka hiyo Lamadi hapakuwa na enaji hata ya kuonjesha.

Septemba 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha. Alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari wa mwisho wa marathoni ya Tokyo kwa sekunde 0.03, wote wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Singida ni nchi ya mtama, uwele na alizeti. Nani aliwahi kumwambia mtu wa Singida kwamba ugali wa uwele haufai kwa mwanamichezo? Bila shaka wapo. Wanaalikwa sana kwenye fainali.

Kuhusu kuachia chakula chetu kiondoke, tulikwisha kuonywa na sangara. Samaki yule aliletwa ziwani na wakoloni miaka ya 1950, akawamaliza furu wengi, akageuka mali. Viwanda vya Mwanza vikawa vinatoa minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunakaanga mapanki. Mwaka 2004 ilitoka filamu kuhusu biashara hiyo, ikatuonyesha kwa dunia nzima, viongozi wakakasirika, tukabishana kama ndege zilileta silaha au hazikuleta. Mtoto aliyekuwa anakula panki wakati mnofu unapaa hakujadiliwa sana. Sasa dagaa anafuata njia hiyohiyo, tofauti ni kwamba huyu anaondoka kwa sababu sisi wenyewe tunamdharau. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mwili wa mchezaji unaanza kujengwa hapo, kwenye bakuli la uji la mtoto wa mwaka mmoja.

Nimesema chakula, lakini mgeni yule hakugusa kabisa yale yanayowaua vijana wetu uwanjani. Hawalali. Mechi za Ulaya zinaanza saa 4 au saa 5 usiku, wao wako kibanda umiza mpaka karibu saa 7, tena wengi hawaangalii mpira, wanaangalia mkeka wa kubeti. Pesa ya mboga imewekwa kwenye timu ya Uholanzi ambayo hawawezi kumtaja hata golikipa wake. Asubuhi wanaamka macho mekundu, wanakunywa enaji ili wasisinzie juu ya bodaboda, jioni wanakuja mazoezini. Kocha anasema hawana pumzi. Watapata wapi pumzi?

Na kuna kichocho. Tumekaa ufukweni, watoto wanaoga ziwani, wanachota maji ziwani, wanaogelea tangu wadogo. Minyoo ya kichocho inaingia kupitia ngozi, inakaa mwilini miaka, inamfanya mtu apungukiwe damu polepole mpaka azoee kuchoka na kudhani ndivyo alivyoumbwa. Dawa yake ipo, prazikwanteli, na watoto hugawiwa shuleni. Lakini kila mwaka wapo wazazi wanaowaambia watoto wajifiche siku ya dawa, kwa uvumi ule wa kipuuzi kwamba inaua uzazi. Mzazi huyohuyo mwanawe akianza kuzungukazunguka uwanjani anatoa pesa amnunulie chupa ya nguvu. Nimewaona wa aina hiyo, na nimegombana nao.

Walimu wa michezo wa Busega na Bariadi mnaoandaa timu za UMITASHUMTA na UMISSETA, michango ya kambi mnaishika ninyi. Nunueni dona, dagaa wa chanja, maharage, karanga na viazi lishe. Asubuhi wapeni uji wa mtama wenye maziwa, mchana wale saa tatu au nne kabla ya mechi, uwanjani wanywe maji safi. Saa 3 usiku simu zikusanywe na taa zizimwe. Na kabla hamjamvalisha mtoto yeyote jezi, mpelekeni zahanati apimwe wingi wa damu, malaria na kichocho.