Gari la Zamani katika Miteremko ya Kericho



Juma hili tunaiweka kando ile habari ya mapishi tuliyoahidi, kwa kuwa imetufikia barua ambayo jibu lake haliwezi kungoja. Dada yetu mmoja wa Kisauni anaeleza kwamba mumewe yuko kazini Oman, na nyumbani ameachiwa Toyota Corolla ya mwaka 2004, gari lililomzidi umri kifungua mimba wake. Shule zikifungwa anakusudia kwenda Kericho kwenye harusi ya binti ya kaka yake aliyehamia huko. Dereva ni yeye mwenyewe, na abiria wake ni watoto watatu pamoja na mavyaa yake. Ndugu zake waliobaki Mombasa wanamwambia aliache gari, apande basi. Fundi wake amelizungusha gari mtaani, akarudi akamwambia, "Breki ziko sawa, mama." Sasa anauliza amsikilize nani.

Fundi hakusema uongo. Amelipima gari mahali lilipo, na lilipo ni Kisauni, kwenye barabara tambarare. Katika mji wetu huu mteremko wa kuogopwa ni ule wa kushukia kivukoni Likoni. Breki hukanyagwa sekunde mbili tatu, zikapata nafasi ya kupoa, zikakanyagwa tena. Kericho ni dunia nyingine. Mji wenyewe umekaa kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kutoka Nakuru hupitia Mau Summit, palipo juu ya mita 2,500. Kuanzia hapo gari hushuka, likapanda kidogo, likashuka tena, huku mashamba ya chai yakianza kujitokeza kulia na kushoto. Na ikiwa shughuli za harusi zitawapeleka Kisumu, watashuka mita nyingine 800 na zaidi kabla ya kufika tambarare ya Ahero.

Gari linaposhuka mteremko mrefu huku mguu umekaa juu ya breki, nguvu yote ya mwendo hugeuka joto. Joto hilo huingia kwenye diski na padi, kisha likafika kwenye mafuta ya breki. Hapo ndipo penye jambo ambalo fundi wa Kisauni hakuliona, wala asingeweza kuliona kwa kulizungusha gari mtaani.

Mafuta ya breki yana tabia isiyokuwa ya mafuta mengine garini: hunyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Hewa yetu ya pwani, kama kila mwenye kuhifadhi chumvi jikoni ajuavyo, haina upungufu wa unyevu. Mafuta mapya ya aina iitwayo DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za selsiasi. Yakishanyonya maji hata chini ya asilimia 4, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Aina ya DOT 4 huanzia 230, nayo ikilowa hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke ndani ya mabomba. Mafuta hayabinyiki, lakini mvuke hubinyika. Basi mguu huzama mpaka sakafuni na gari haliitikii. La kuhadaa zaidi ni kwamba yakishapoa, mvuke hurudi kuwa maji na breki hurudi kama zilivyokuwa. Ukimpelekea fundi kesho yake, atalizungusha mtaani na kusema tena kwamba ziko sawa.

Kwa hivyo, dada yetu, rudi kwa fundi wako na umuulize swali jingine: mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Desturi njema ni kila baada ya miaka miwili. Yawezekana atakujibu kwamba huyaongeza kila yanapopungua. Kuongeza si kubadilisha. Ni kama kumimina maji safi juu ya mtungi wenye maji ya mwaka jana.

Najua namna baadhi ya gereji zetu zinavyompokea mwanamke. Huambiwa akae kwenye kiti kivulini, aletewe soda, kisha apewe hesabu. Soda ipokee, lakini usikae. Simama karibu na gari. Kwanza soma mfuniko wa kitangi cha mafuta ya breki, kilicho chini ya boneti upande wa dereva. Aina inayotakiwa imeandikwa hapo. Chupa ifunguliwe mbele yako ikiwa bado na lakiri yake, kwani chupa iliyokaa wazi rafuni imekwisha kunywa unyevu kabla ya kuingia garini. Mafuta ya zamani yatolewe kwenye magurudumu yote manne, nawe uombe yakingwe katika chupa nyeupe ya plastiki. Yatatoka yakiwa na rangi ya chai ya mkandaa. Yatakapoanza kutoka meupe yenye umanjano hafifu, hapo kazi imekwisha kwenye gurudumu hilo. Kazi yenyewe haichukui asubuhi nzima, na gharama yake ni ndogo kuliko bei ya tairi moja.

Gari likiwa bado limeinuliwa, omba uonyeshwe mabomba ya chuma yapitayo chini ya sakafu na mipira inayounganisha mabomba hayo na magurudumu. Magari yetu ya pwani huliwa na chumvi kutoka chini, mahali ambapo rangi nzuri ya juu haipafichui. Bomba lililovimba kwa kutu au mpira wenye nyufa usibembelezwe, ubadilishwe. Padi zilizobakiwa na unene wa milimita 3 zisianze safari hiyo. Na mtu yeyote, awe wa gereji au wa kituo cha mafuta, asithubutu kukutilia mafuta ya injini au ya usukani katika kitangi cha breki ati "yakufikishe tu". Mafuta hayo huvimbisha mipira ya ndani, na baada ya hapo mfumo mzima wa breki hauna budi kufumuliwa.

Haya ni ya kabla ya safari. Barabarani linabaki jambo moja, na hilo liko mkononi mwa dereva. Corolla hii, kama yalivyo magari mengi ya umri wake, ni ya gia za kujibadilisha zenyewe, na wengi wetu huishi na herufi tatu tu: P, R na D. Chini ya D zipo nafasi mbili nyingine, 2 na L, ambazo magari mengi ya Mombasa hufa bila kuzigusa. Kazi yake ni hii ya miteremko. Kabla ya kuanza kushuka, ukiwa bado katika mwendo wa taratibu, zima O/D kwa kitufe kilicho kwenye mkono wa gia. Mteremko ukizidi, punguza mwendo na uweke 2. Injini itapaza sauti; iachie ipige kelele, kwani ndiyo inayolishika gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu kiasi, mwendo ukishuka iachwe ipoe, kisha ikanyagwe tena. Mguu uliolala juu ya breki kutoka kilele hadi bondeni ndio unaochemsha mafuta.

Utawasikia madereva, na baadhi yao ni wa kuheshimiwa kabisa, wakisifu kushuka kwa "frii", yaani kutoa gia ili gari litiririke lenyewe na kuokoa petroli. Katika magari yanayopimiwa petroli kwa kompyuta, na hilo ni mojawapo, akiba hiyo haipo. Gari likishuka likiwa ndani ya gia huku mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa. Ukitoa gia, inalazimika kuendelea kuilisha injini isizimike. Basi anayeshuka kwa frii hupoteza petroli na hupoteza msaada wa injini kwa pamoja. Anayezima injini kabisa, hata sijui nimwambie nini. Akikanyaga breki mara mbili tatu, ule wepesi wa kanyagio huondoka, na usukani huwa mzito kama jiwe la kusagia.

Wasomaji wengi watakumbuka Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023, juma lile lile la Idi ya kuchinja, katika njia panda ya Londiani. Lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo likayagonga matatu, pikipiki na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Waliofariki walizidi 50. Siwezi kulinganisha lori la kontena na gari dogo la familia. Lakini dada yetu atapita hapo hapo, na kando ya barabara atawakuta kina mama kama yeye wamepanga viazi, kabichi na mahindi ya kuchoma. Anaposhuka na watoto wake, watoto wa wale nao wamo katika hesabu.

Nimewapigia simu kina mama watatu wanaomiliki magari makuukuu katika nchi ya chai, wawili wa Kericho na mmoja wa Bomet, niwaulize wanayoyajua ambayo sisi wa pwani hatuyajui. Wa kwanza, mwalimu mwenye Probox, hakuzungumzia breki hata kidogo. Alizungumzia vioo. Asema mgeni kutoka Mombasa hujulikana kwa kioo cha mbele kilichofunikwa na ukungu kwa ndani, naye anapangusa kwa mtandio huku anaendesha. Watu watano ndani ya gari lililofungwa madirisha, nje mvua na baridi, kioo hakina budi kutanda. Dawa yake ni kuwasha kiyoyozi pamoja na hewa ya moto na kuielekeza kwenye kioo, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa. Basi dada yetu, ambaye huenda alikuwa akingoja pesa za kutengeneza kiyoyozi kwa ajili ya joto la hapa, anakihitaji zaidi kwa baridi ya kule. Waipa nazo ziwe mpya. Jua letu huzikausha na kuzipasua, na kule mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingine na mawe yake.

Wa pili alisisitiza mfuniko wa rejeta. Jambo hili lilinipendeza kwa sababu linaeleweka hata jikoni: pale juu maji huchemka mapema, kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaoshikilia shinikizo linalozuia maji yasichemke. Ukiwa umelegea, gari lililokuwa halichemki Mombasa laweza kuchemka likipanda Mau, licha ya baridi yote. Mfuniko ni kitu kidogo, ununuliwe mpya, na rejeta itiwe dawa yake badala ya maji ya bomba matupu. Aliongeza kwamba hewa nyembamba huipunguzia injini nguvu, karibu sehemu moja katika tano, kwa hivyo dereva asidhani gari limeharibika likipanda kwa kujikokota, wala asijaribu kulipita lori mahali ambapo kwetu angelipita.

Huyo wa Bomet hakubaliani na wenzake kuhusu tairi. Wao husema tairi za mtumba zenye meno mazito zinatosha. Yeye asema hapana, nami niko upande wake. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira ukizeeka hukauka, na mpira mkavu haushiki lami iliyolowa hata kama meno yake ni marefu. Tairi iliyopita miaka sita ichunguzwe kwa macho makali; iliyofika kumi iondolewe bila mjadala. Vilevile alikumbusha kuhusu njia za udongo zinazoingia vijijini katikati ya chai. Zile raba zinazofunika viungo vya ekseli za mbele zikiwa zimepasuka, tope huingia na kuvisaga. Ukikata kona kali na ukasikia "kak-kak-kak", raba imekwisha kitambo.

Sasa swali lenyewe. Ndugu zake dada huyu wana haki ya kuhofu, ila wameuhofia umri wa gari, na umri peke yake hauvunji breki. Gari lipelekwe gereji majuma mawili kabla ya safari, lisipelekwe jana yake, ili liendeshwe mjini na kasoro yoyote ya kazi mpya ijitokeze karibu na nyumbani. Mabomba yakionekana yameoza na pesa za kuyabadilisha hazipo, apande basi pamoja na mavyaa yake na asione haya.

Akienda kwa gari, asiikate safari hiyo kwa siku moja. Atoke Mombasa baada ya alfajiri, alale Nairobi, na siku ya pili aondoke mapema ili apite Mau Summit na Londiani kabla ya mvua ya mchana, macho yakiwa yanaona. Asubuhi zote mbili, kabla ya watoto kuingia garini, boneti ifunguliwe na kitangi cha breki kitazamwe kati ya mistari yake miwili. Mafuta yakiwa yameshuka Nairobi chini ya pale yalipokuwa Mombasa, yanavuja mahali. Hapo gari libaki kwa jamaa mpaka fundi aione njia yanakotokea, na safari iliyobaki ni ya basi.