Injini ya 1HZ Haitaiokoa Land Rover Yako

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara wa mazao, kila mwaka alizeti ikianza kuvunwa napigiwa simu ileile. "Bwana shamba, nimepata injini ya 1HZ, fundi anasema inaingia kwenye 109 bila shida. Unaonaje?" Naona ni kosa, na leo nalisema wazi.

Utauliza afisa ugani anahusika vipi na magari. Nahusika kwa sababu hela inayonunua injini hiyo ndiyo ingenunua mbegu ya msimu ujao, na gari likilala korongoni kinacholala humo ni mavuno yenu.

Tuanze na pale fundi anaposema kweli. Injini inaingia. Mafundi wetu wana mikono: atakata, atachomelea vishikizo vipya, atamwagiza mkereza chuma sahani ya kuunganisha injini na gia boksi, rejeta itasogezwa mbele, na siku ya kuwasha itawaka. Watoto watashangilia. Mimi nauliza habari ya vyuma vilivyo nyuma ya hiyo injini.

Land Rover 109 ya dizeli, hizi Series III zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ilitoka kiwandani na injini ya lita 2.25 yenye nguvu za farasi kama 62. Msokoto wake ni kama nyutoni-mita 140. 1HZ ya Toyota ina silinda sita, lita 4.2, na msokoto wake ni 285. Ni mara mbili. Sasa fikiria uko kwenye mchanga wa korongo, umeweka gia ya kwanza na ile gia nzito ya kuendesha magurudumu yote manne. Hapo gia boksi na difu zinauzidisha msokoto wa injini karibu mara 40 kabla haujafika kwenye magurudumu. Gia, propela na hafu shafti zilichongwa kubeba mara 40 ya 140. Wewe unazitwisha mara 40 ya 285, na juu yake umepanga magunia.

Na magunia yenyewe tunayajua. Gari hili lilikadiriwa kubeba kama tani moja, yaani magunia kumi ya kilo 100. Nionyesheni gunia la kilo 100 kule gulioni! Lumbesa imekatazwa miaka yote na bado inapanda. Ukipakia kumi na tano za namna hiyo, kisha ukalalamika kwamba injini haina nguvu mlimani, injini unaionea. Halafu tiba unayoileta, 1HZ, ni lumbesa nyingine, umewatwisha hafu shafti.

Upande wa Mpwapwa nimeona gari la namna hii limekaa juu ya mawe msimu mzima. Injini yake ilikuwa nzima, inawaka kwa mguso mmoja, na mwenyewe aliiwasha mbele yangu kwa fahari. Kilichokufa ni gia boksi, kisha ilipopatikana nyingine, difu. Alizeti yake ilisafirishwa na gari la jirani, kwa bei aliyopanga jirani.

Hoja ya pili ninayoisikia ni lami. Tangu barabara ya Dodoma, Kondoa hadi Babati ikamilike na kuzinduliwa mwaka 2018, wenye 109 wanaona aibu: kila lori linawapita. Wanataka mwendo. Basi sikiliza hesabu hii, maana fundi hatakwambia. Mwendo wa gari kwenye gia kubwa unapangwa na difu na tairi. Kwa difu ya 109 na tairi za 7.50-16, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika gari linakwenda kama kilomita 83 kwa saa. Iwe injini ya Rover, iwe ya Toyota, iwe ya meli. Na 1HZ si injini ya kuzungushwa kupita 4,000. Kitakachobadilika ni kwamba utaushika mwendo huo ukiwa na mzigo, hata kwenye kilima ambacho zamani ulikipanda kwa 40.

Na kila kilima kina upande wa kushuka. Hapa ndipo mimi huacha utani. Breki za 109 ni za drami magurudumu yote manne, zilizopangwa kwa gari la farasi 62. Ukitoka mwendo wa 50 ukaenda 70, kazi ya kusimamisha gari lilelile karibu inakuwa mara mbili. Drami zikipata moto, kanyagio linazama na gari haliitiki. Juu ya magunia kuna akina mama wawili waliopewa lifti, na kijana anayeshikilia kamba. Sijawahi kusikia mtu akinipigia simu kuniuliza, "Bwana shamba, nimepata hela, nibadilishe breki?"

Wenye kubisha husema kiwanda chenyewe kiliwahi kuweka injini kubwa kwenye 109. Kweli kabisa, na ushahidi huo uko upande wangu. Mwaka 1979 Land Rover walileta 109 yenye injini ya V8 ya lita 3.5. Injini hiyo waliibana makusudi ikabaki na nguvu za farasi 91 tu, ingawa kwenye Range Rover ilitoa zaidi. Waliondoa gia boksi ya zamani wakaweka ile nzito ya Range Rover, wakabadilisha uwiano wa difu, na mbele ya gari wakaisogeza ili injini ienee. Hao ndio waliochora kila bolti ya gari hilo, na waliogopa kuipa nguvu zaidi ya 91. Wewe unaipa 1HZ yenye farasi wapatao 130, na gia boksi ni ileile ya babu.

Watu wa Kongwa hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga pale kwa mashine kubwa kubwa, hata vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa matrekta ya mradi ule. Udongo wa kiangazi uligeuka mwamba, vyuma vikaisha, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Nguvu ya injini haikukosekana.

Sisemi usiguse injini kamwe. Kama bloku imepasuka na spea hazipatikani, tafuta dizeli ya silinda nne inayokaribia ile ya zamani, mfano Toyota 2L ya lita 2.4 au 3L ya lita 2.8, na ukubali kwamba mguu wako utabaki mwepesi. Mwenye kutaka 1HZ kweli inampasa anunue pia gia boksi yake, difu zake, breki zake na springi za mbele za kubeba uzito ule. Akimaliza atakuwa na Land Cruiser iliyovaa bati la Land Rover, kwa bei ya magari mawili.

Kabla ya yote, lakini, uliza kwa nini hiyo uliyonayo imechoka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na injini isiyo na taabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa hewa nyepesi tu. 1HZ nayo haina taabo, itapoteza vilevile. Ongeza vumbi letu. Fungua chujio la hewa lile la oili uone tope lililomo. Peleka nozo na pampu ya dizeli kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, si kwa anayesikiliza kwa sikio. Pima mgandamizo wa kila silinda. Rekebisha valvu. Inua gari, zungusha kila gurudumu kwa mkono: nimekuta magari "yasiyo na nguvu" ambayo breki ilikuwa imeshika gurudumu moja miezi mizima. Hapohapo badilisha mpira wa masta silinda na bitana za breki.

Na kama umeshalipa, injini iko uani imefunikwa turubai, angalia kadi ya gari kabla fundi hajaanza kukata. Namba ya injini imeandikwa mle. Dai kwa muuzaji karatasi za injini, nenda TRA ukabadilishe taarifa, kisha uwaarifu watu wa bima, kwa maandishi.